Nilipunguzwa kazi ya bwana miti huko delta, nilichokikosa ni nyundo tu

Wakuu salaam. Wadogo zangu marahaba kabisa, nisije nikasahau mbele.

Jana nimesoma humu kijana kaacha kazi benki, anauliza mlioacha kazi mnamisi nini. Nikasema na mimi niseme langu. Nachapa kwa dole gumba moja na shule yangu iliishia la nne, nukta zikikosekana wekeni wenyewe. Ila uongo hamna, umri huu nimdanganye nani.

Mimi nilikuwa bwana miti. Siyo yule msomi wa ofisini Utete. Mimi yule wa chini, wa mtumbwini.

Kazi yangu kuzunguka vijito vya delta. Nikikuta boriti za mikoko za mwenye kibali, nazigonga nyundo ya serikali, ina alama kichwani. Yenye alama inapita, isiyo na alama inakamatwa.

(Msinijie juu kuhusu mikoko, faida yake naijua, nimeilinda mimi kabla hamjazaliwa.)

Sasa kitu kimoja cha ajabu. Miaka yote ile sikuwahi kumuona mtu akikata mti.

Unaingia kijito unasikia mashoka mbele, ko, ko, ko, watu wanacheka, wanatukanana kwa utani. Ukikata kona tu, kimya. Umebaki wewe na kaa.

Hata wenye vibali walikimbia! Nilimuuliza mmoja, wewe kibali unacho, unakimbia nini? Akanijibu, "Bwana Miti, kibali kiko mfukoni, miguu haina habari."

Basi mie nikaenda kuoa huko huko delta. Hapo ndipo ilipo shida.

Baba mkwe wangu, Mzee Mbwana Mungu amrehemu, watoto wake wa kiume wote wakata boriti. Nikifika ukweni natandikiwa mkeka mpya, naletewa wali na samaki wa nazi, nakula peke yangu kama mgonjwa wa ndui. Mkwe ana heshima yake kimila, sawa, lakini ile haikuwa heshima. Na mzee hakuwahi kuniita mwanangu. Ni "Bwana Miti karibu, Bwana Miti safari njema."

Ikaja enzi ya ruksa. Sukari bila foleni, mitumba imejaa Kibiti, kila mtu na biashara yake. Tukashangilia. Kumbe na serikali nayo inapunguza watu. Nikaitwa Utete, nikarudisha nyundo, ahsante kwaheri.

Mke wangu Zena akasema, "Mvua hiyo inakuja. Nenda kwa baba akatupe bonde la mpunga."

Nikamwambia twende wote.

"Nenda mwenyewe. Mimi sijamkimbiza mtu."

Mzee akikataa, basi turudi Kibiti na watoto tukabanane uani kwa kaka yangu. Na mke wa kaka yangu, wakuu, tuyaache.

Nikafanya kosa. Nikavaa shati la kazi, la kaki. Siyo kwa ubaya, ndilo pekee lisilochanika. Mtu anakwenda kuomba ukweni avae matambara?

Kufika kijijini naambiwa mzee kafuata wanawe kijitoni. Nikaazima mtumbwi. Ko, ko, ko. Nikakata kona.

Kimya.

Boriti zimelala, shuka inaning'inia tawini. Nikatupa jicho kwenye mizizi, namuona baba mkwe wangu kasimama kwenye matope na maji mpaka kifuani, hana nguo!

Utupu wa mkwe hautazamwi. Nikageuka haraka, nikampa mgongo, nikaanza kuomba huku naongea na maji.

"Baba, mie siyo bwana miti tena. Nimepunguzwa."

Sauti ya shemeji yangu Omari ikatoka kwenye mikoko. "Serikali inapunguza mchele, haipunguzi askari!"

"Wallahi nimepunguzwa."

"Nyundo iko wapi?"

"Nimerudisha."

"Na shati je?"

Hapo ndipo nikajitazama. Nikasema, shemeji, sina jingine.

"Livue!"

Nikalivua. Bado kimya, maji yanajaa. Mara nasikia baba mkwe, "Omari mpumbavu wee, nipe shuka yangu! Maji yananifika kidevuni nyie mnahojiana nguo!"

Wakuu, ile mikoko yote ilicheka. Kila mzizi ulikuwa na mtu. Na mimi nikacheka, kifua wazi, mgongo bado nimewapa.

Halafu nyuma yangu, ko. Shoka. Nikageuka polepole, mzee kashajifunga shuka, na Omari anakata mti mbele ya macho yangu.

"Umekula?" mzee akaniuliza. Nikasema bado, baba. Tukala muhogo na samaki wa kuchoma, mikono yote chombo kimoja. Bonde akanipa siku ile ile.

Sasa kijana wa benki, nikujibu. Mkono wa kulia ulikosa nyundo muda mrefu, nikitembea unafumba wenyewe, haujashika kitu. Mshahara ulikuwa mdogo, sikuusikia ulipoondoka. Vingine vyote, alhamdulillahi.

Shati lile nikalivisha sanamu ya nyasi kwenye mpunga. Nikajisemea, limekimbiza vijiji, litashindwa ndege? Asubuhi tumekaa dunguni, kile kibanda chetu cha juu cha kulindia shamba, naona ndege wametua mabegani pa shati, wanakula taratibu.

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu," akasema, "hata ndege wamepata habari."

Ndicho nilichojifunza. Ukitaka kujua kazi yako ilikuwa kitu gani, sikiliza watu wanafanya nini ukikata kona.

Haya, na nyie mlioacha au kuachishwa, mlipokuwa mkiingia mahali watu walinyamaza au waliendelea kucheka? Semeni ukweli, bando ninalo.