Mgeni Hahojiwi Kabla ya Kula

Tulimzika Tata Teresia Igoki Alhamisi, na tangu siku hiyo ni mimi ninayejibizana na sufuria zake hapa mtaani kwetu Majimbo. Alikuwa dada ya mama yangu. Mungu alimpa mikono ya kupika na ulimi wa kusimulia, na kwa vyote viwili akasahau kumwekea breki. Apumzike kwa amani, ingawa sidhani amenyamaza.

Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa nyumba ya mapadri. Alimpikia Padri Luka, Mfaransa aliyezaliwa Saint-Aubert, mji mdogo kando ya mto Marne, nje kidogo ya Paris. Padri alipokuwa mezani alipenda kuzungumza juu ya kwao, na Tata alipookota vyombo aliokota na maneno. Ndiyo maana sisi watoto wa Majimbo tuliijua Saint-Aubert kabla ya kuijua Nairobi. Tulijua habari za mwaka ambao mto ulifurika hadi watu wakatokea madirishani na kuingia kwenye mashua, kofia za misa vichwani. Tulijua kwamba palikuwa na mashamba ya zabibu, kisha nyumba zikayameza kama zilivyomeza mahindi kwetu. Tulijua pia kwamba Jumapili watu wa Paris walikuja kwa treni kula visamaki vya kukaanga na kucheza dansi ukingoni. Hapo Tata alisimama akatuonyesha dansi yenyewe, mwiko mkononi, nasi tukaona ilifanana sana na ya harusi za Siakago.

Hakuwahi kusema kwamba amefika huko. Alisema tu, "Ukivuka daraja, kanisa liko mkono wa kushoto," na watu wakampandisha ndege wenyewe.

Simulizi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kengele. Wakati wa vita, askari walipokuja kuichukua kengele ya kanisa wakaiyeyushe, wanawake wafua nguo waliizamisha mtoni, wakafua juu yake mpaka vita vikaisha. Kumbe Padri alikuwa amesema kengele ilichukuliwa na haikurudi tena. Tata aliniambia hivyo siku moja tukimenya viazi. Nikamuuliza, mbona basi anasimulia vingine?

"Kengele iliyobarikiwa ipotee hivi hivi?" akasema. "Mimi nimeirudisha."

Aliyekereka ni Mwalimu Ndambiri, katekista wetu. Alikuwa amechoka kushindwa na mji asioujua. Jumuiya yetu ya kanisa ilipotaka kujenga stoo karibu na mto Rupingazi, Tata alikumbusha yaliyowapata Saint-Aubert, na stoo ikahamia juu. Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba Mzee Bernard, ndugu wa marehemu Padri Luka, angekuja kuona mahali nduguye alipotumika, Ndambiri alisimama baada ya sala. Alisema atamuuliza mgeni habari za kengele mbele ya wote. Kama mgeni haijui, Teresia ataomba msamaha na hatasimulia tena katika jumuiya. Watu wakaguna. Tata akasema amina, lakini nilimwona akikunja leso yake mpaka ikawa kamba. Kumnyima simulizi kulikuwa kama kumfungia jiko.

Siku ilipofika, alipika kana kwamba parokia nzima imefunga tangu Kwaresima.

Kwetu mgeni hahojiwi kabla ya kula, na anayetafuna bado hajala. Tata alianza na uji wa kibuyu, akaleta mukimo wa viazi na mahindi, akaleta kuku na maharage meusi ya njahi. Kila mara Ndambiri alipokohoa kusafisha koo, sahani ya mgeni ilijaa. Bernard alijaribu kuinua mkono kukataa, Tata akadhani anaelekeza mahali pa kuweka chapati. Alijaribu kunyamaza, akaongezwa ndizi. Alipouma midomo kidogo akifikiri, alipata paja lingine. Taratibu mzee yule akaelewa sheria ya meza ile: kusita ni kuomba.

Hatimaye dereva akapiga honi. Bernard alikuwa ameshaketi garini, mkanda wa suruali umelegezwa, Ndambiri alipofika dirishani na jumuiya yote nyuma yake. Akauliza kwa Kiingereza cha mahubiri kama ni kweli wafua nguo wa Saint-Aubert waliificha kengele mtoni.

Bernard alikunja paji la uso. Akafungua mdomo. Kwa nyuma ya Ndambiri, Tata alifunua kifuniko cha bakuli.

"Ni kweli," mgeni akasema upesi. "Kweli kabisa. Kila mtu anajua."

Gari likaondoka. Ndambiri alibaki amesimama barabarani, na Tata, kwa huruma ya Kikristo, akampa lile bakuli.

Jumamosi iliyofuata Tata alikwenda kuungama. Aliporudi aliniambia kwamba padri mpya alimpa malipizi ya kusali rozari nzima, kisha akauliza kengele ilikuwa na ukubwa gani.

Na Alhamisi tulipomzika Tata, Mwalimu Ndambiri ndiye aliyesimulia maisha yake kaburini. Alifika kwenye kengele, akaisimulia yote. Safari hii wafua nguo walikuwa wakiimba nyimbo za Bikira Maria. Sikuwahi kuisikia sehemu hiyo. Nilifunika uso kwa leso, na waliokuwa karibu walidhani nalia tu.

Baadaye mama mmoja kutoka Siakago alinifuata jikoni akaniuliza polepole, "Dada, ile ya kengele ni kweli?"

Nilichukua sahani. "Umekula?" nikamuuliza.