Mlango Nilioukwangua kwa Majani ya Msasa

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoleta lori jipya la mjomba wangu kutoka Lindi mpaka Nachingwea. Kwetu Wamwera mali ya ukoo iko mkononi mwa mjomba, lakini mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua kuendesha, nilijiona mwenye mji. Miaka hiyo matrekta ya mashamba ya karanga yalijaa huku, ila lori la mtu wetu lilikuwa jambo la kuacha jembe ukatazame. Wengine walitoka Ruangwa kwa miguu. Shule sikukaa sana. Kujishaua mbele za watu sikuhitaji mwalimu.

Mtani wetu Binti Ausi, bibi ambaye hakukosa msiba wala harusi ya kutukejeli, akalizunguka lori akilipapasa. Akasimama penye mlango wa dereva. Rangi pale ilikuwa na malengelenge tangu kiwandani, na kwenye boneti ilikuwa imechuruzika ikakaukia njiani.

“Wajukuu zangu,” akasema, “mbona mmetuletea mgonjwa wa ndui?”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtani hakasirikiwi, na mimi nikakasirika. Mjomba akanituliza, akasema muuzaji ametupa wiki moja ya kuonyesha kasoro na mtu wake atapita, kwa hiyo nisiguse kitu. Kesho yake asubuhi, mjomba yuko shambani, nikachuma majani ya msasa, yale tunayolainishia mipini ya majembe, nikaukwangua mlango mpaka bati likaonekana. Nikapaka rangi ya madirisha niliyoomba kwa seremala. Kufika kwenye boneti, rangi ikaniishia. Namshukuru Mungu kwa ule uchache wa rangi.

Mtu wa muuzaji alipofika, aliutazama mlango, akamwambia mjomba kwamba kasoro hizi zimefanyikia hapa hapa, boneti nayo bila shaka, basi hawatengenezi chochote. Mjomba akanigeukia. Haki yake ilikuwa inampotea mbele ya macho yangu, na mwenye neno la kumwokoa nilikuwa mimi peke yangu.

“Mlango ni mimi,” nikasema. “Niliona aibu. Boneti sijaigusa. Pitisha mkono, mzee, uone kama kuna mkwaruzo wowote.”

Akapitisha mkono, akarudia, akainama kutazama. Boneti wakaipaka upya kwa gharama yao. Mlango wakatuachia.

“Usiupake tena,” mjomba akaniambia. “Utakuwa unaufungua kila siku.”

Nikaufungua miaka sita.

Basi, mwanangu, kitu kipya kikija na kasoro, kionyeshe mapema, kabla hujakitia mkono wako. Anayekucheka kwa kasoro iliyopo amekusaidia kuiona. Na ukishaharibu, taja ulipoharibu wewe, ndipo utakapoaminiwa kwa yale usiyoyaharibu. Mungu akupe safari za salama, akupe na moyo usiotetemeka watu wanapokucheka. Amina.