Ngazi Sita za Mashine Yangu

Jumatatu nilikuwa Majengo, Mpanda, nanunua mkanda wa mashine, simu ikaita kutoka kwetu Majimoto: fundi redio amefariki. Homa ya siku nne tu. Nikakaa juu ya boksi la mwenye duka bila kuomba. Akaniuliza, "Ndugu yako, mzee?" Nikasema hapana. "Rafiki?" Nikamuuliza tena bei ya mkanda, mimi ambaye nyie mnaonisoma hapa mnajua sijawahi kukosa la kusema, hata pale ambapo ingekuwa afadhali ninyamaze. Fundi yule aliwahi kunishinda mbele ya kata nzima, na mtu aliyekushinda hivyo hujui umwite nani.

Miguu yake ilipooza utotoni. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na aliponya redio na simu za nusu ya bonde letu. Yeye na mkewe walilima mpunga, na mpunga wao waliuleta kwangu. Mimi niliishia darasa la nne, nikashuka Mpimbwe na ng'ombe wa baba, nikauza wachache nikanunua mashine ya kukoboa. Kwa kuwa masika ya huku maji hayabishi hodi, nikainua msingi ngazi sita. Ngazi zile nilizipenda kuliko mashine yenyewe. Jioni nilisimama juu yake nikautazama mji kama mkuu wa wilaya. Sasa, kwetu mtu haachi mpunga wake peke yake. Unasimama kwenye mashine mpaka punje ya mwisho, usije ukarudi nyumbani na chenga za jirani. Fundi alikuwa anabaki chini, anasikiliza ngurumo tu, mpunga wake unakobolewa huko juu asikouona.

Nikamhurumia. Siku moja nikawaamuru makuli wangu wamlete juu. Wakamtupa begani kama gunia, miguu ikining'inia, na kwa kuwa sakafu ilijaa pumba wakatafuta mahali pasafi pa kumweka. Pasafi palikuwa mahali pamoja tu: juu ya mizani. "Kilo hamsini na mbili, mzee!" kuli mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi wote. Fundi alitabasamu. Nililiona lile tabasamu nikaliita shukrani. Msimu uliofuata hakuja, nikasema moyoni: watu hawana fadhila.

Baadaye ukaja ule ubishi mliousikia redioni, wanasiasa wanavutana kuhusu mikataba ya kimataifa ya haki za watu wenye ulemavu: ipi nchi iridhie, na iliyokwisha kuridhiwa mbona huku vijijini haionekani. Diwani akatuita uwanja wa shule. Hoja ilikuwa kata yetu iombe sheria ndogo ya kufuata mikataba hiyo, kila jengo la biashara liwe na njia ya magurudumu. Mimi nikaiona sheria inatembea moja kwa moja kwenda kwenye ngazi zangu. Nikasimama. "Mikataba wanaandika watu wenye viyoyozi!" nikasema. "Sisi huku tuna utu. Sisi tunabebana! Muulizeni fundi huyu, si nimembeba?" Nikapigiwa makofi, nikakaa nimejaa kama kiriba.

Fundi akasogeza baiskeli yake mbele. "Mzee alinibeba, sikatai," akasema. "Ila mzee, uliniuliza kama nataka kubebwa?"

"Kwani ungesemaje?" nikamrukia.

"Ningesema nataka kuuona mpunga wangu. Wewe ukanipima kilo." Uwanja ukaangua kicheko. Akangoja kikaisha. "Siku hizi napeleka Kasansa. Mwenye mashine wa kule hanipendi hata kidogo, mzee. Lakini mlango wake uko chini."

Kura ya mikono ikapigwa, hoja ikapita. Mkono wangu ulibaki juu upande wa kukataa, pamoja na wa bwana mmoja aliyekuwa anasinzia.

Sikulala vizuri wiki nzima. Kisha nikafanya kama kawaida yangu: nikaamua peke yangu. Nikamwaga zege, njia nzima ya mteremko ubavuni mwa ngazi, fupi ili isile nafasi ya magari ya mizigo. Nikamwita fundi aje aizindue. Akapanda hadi katikati, mikono ikamshinda, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye lundo la pumba. Akajifuta uso. "Mzee, hapa umejengea mbuzi." Halafu akaomba kamba, akapima mwenyewe kutoka mlangoni mpaka pale mteremko unapotakiwa kuanzia, akapigilia kigingi. "Zege likifika hapa, nitarudi kwako. Kasansa ni mbali, mabega yananiuma."

Nikamwambia sawa, msimu ujao. Ulipofika kulikuwa na mkanda umekatika. Uliofuata nilikuwa naezeka upya. Kila nilipompita kibandani kwake nilimpungia, na yeye akanipungia, na nikaondoka nikijiona mtu mwema. Amezikwa Jumatano, na mpunga wake wa mwaka huu ulikobolewa Kasansa.

Zege la pili nimelimwaga juzi, mpaka kwenye kigingi. Mnisamehe, sisemi ili nijisifu. Darasa langu la nne halikunifundisha sheria za mataifa, na siku ile uwanjani niliamini kwamba karatasi zile ni za kuwabana watu wakatili, hazituhusu sisi wenye huruma. Sasa najua mkatili hakumsumbua sana fundi. Fundi alimjua na akamkwepa. Aliyemchosha mabega ni mimi. Mikataba ile inatakiwa iridhiwe na ifuatwe kwa sababu ya watu wema kama mimi, wenye saruji, wenye nafasi, na wenye neno moja mdomoni: msimu ujao.