Simbiliki Wawili wa Kupeleka Walikale

Kilichonitoa nyumbani Masisi ni simu ya mwanangu Amani. Alikwenda Walikale kufanya kazi ya umeme, akampenda mwalimu wa biolojia aitwaye Furaha, na sasa baba ya binti alitaka kuniona. "Papa, ameomba kitu kimoja tu," Amani akasema. "Simbiliki mbili, zenye kunona."

Nikacheka hadi nikakaa chini. Mimi mtengeneza fromaji, jibini yetu ya Masisi, nilikuwa najiandaa kuombwa ng'ombe! Simbiliki, vinyama vidogo vya manyoya, wamejaa jikoni kwetu, wanakula maganda ya viazi chini ya meza na kulia wii-wii. Mke wangu, Mama Amani, akachagua wawili wanaojaa kiganja, akawatia katika kikapu.

"Kama bakwe njo wanaomba hivi," akasema, "tuoe hata wawili."

Asubuhi nikapanda pikipiki, kikapu mapajani, fromaji mgongoni. Dereva, mtu wa upande wa Bukavu, akachungulia. "Aah, umebeba dende!"

"Simbiliki."

"Kwetu njo dende."

"Kwetu si kwenu. Endesha!"

Barabara ilikuwa tope tupu. Kila tulipoteleza, simbiliki walipiga kelele, nami nikapiga pamoja nao.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliuliza nimebeba nini. Nikasema simbiliki. Dereva akasema dende. Askari akafunua kikapu, akasema, "Munadanganya, hii iko kobayi." Kisha akakunja uso. "Majina iko tatu, nyama naona mbili. Ya tatu iko wapi?" Tulibishana mpaka mvua ikamchosha, akatufungulia.

Baada ya hapo vilima vya malisho vikaisha, msitu ukaanza, na jioni tukaingia Walikale. Baba ya Furaha, Papa Musafiri, alikuwa ameketi na ndugu zake wote, Amani na Furaha karibu yao. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, maji yanachemka, mawese tayari pembeni. Akanikumbatia, akafunua kikapu, akachungulia.

"Hii njo nini?"

"Simbiliki, Papa. Mbili, kama mulivyoomba."

"Hii?" Akatanua mikono yake yote. "Simbiliki iko hivi! Inamaliza shamba ya muhogo! Wewe unaniletea panya, tena haina hata mukia. Munatucheka?"

Nilimtazama Amani. "Mimi niliionaka mu supu tu, Papa," akanong'ona.

Hasira ikanipanda. Kiuno kilikuwa kimekufa kwa ile pikipiki, halafu mtu ananiambia panya! Nikasimama. "Nyama ni yenyewe, jina ni lenyewe. Kama hamjui simbiliki, si kosa langu."

Papa Musafiri naye akasimama. "Bon. Binti yangu haendi kwa watu wenye kucheka wakubwa."

Amani akashika kichwa. Nilimwona mwanangu anataka kulia mbele ya watu, na moyo ukaniuma, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

Furaha akaja katikati yetu. "Bapapa, mukae." Alisema vile anavyowaambia wanafunzi wake, tukakaa. "Hakuna mwenye amedanganya. Hii ya Masisi inaitwa Cavia porcellus. Ile ya huku, ile kubwa yenye kula muhogo, ni Thryonomys swinderianus. Jina ya kwanza njo ya ukoo, ya pili njo yake yenyewe. Munaona? Hata ukoo haiko moja."

"Na kwa nini Kilatini?" nikauliza, bado nimevimba. "Kiswahili hakitoshi?"

"Kiswahili gani, Papa? Ya Masisi ao ya huku? Kilatini haina kijiji leo. Hakuna mwenye atasema kwetu njo hivi, kwenu si hivi."

Nikamkumbuka dereva, nikatazama chini.

"Porcellus iko nini?" Papa Musafiri akauliza.

"Kanguruwe."

"Kumbe ni nguruwe!"

"Hapana, Papa, ni jina tu. Kupanga tunafuata mwili. Angalia meno: zote mbili ziko mu kundi moja na panya."

"Nilisema panya!" Papa Musafiri akaruka kwa furaha. "Nilisema ao sikusema?"

"Ulisema," nikakubali, nikampa fromaji yote. Alicheka mpaka akafuta machozi, na bibi ya Furaha tayari alikuwa amewapakata simbiliki wangu, hataki mtu awaguse. Usiku huo tulikula kuku.

Asubuhi ya kuondoka, Papa Musafiri alimwita binti yake pembeni, wakanong'onezana. Akarudi anatamka neno moja moja kama mtoto anayekariri katekisimu. "Ndoa tumekubali. Lakini sitaki tena mushangao. Mutaniletea Bos taurus. Moja, ya maziwa."

Nikamtazama Furaha. Akaficha uso kwa kitenge.

Kurudi, askari wa kizuizini aliuliza tena ile nyama ya tatu. Sikuwa na nguvu ya kubishana, nikamwambia imebaki Walikale.

Nyumbani Masisi, Mama Amani alinipokea mlangoni. "Wamekubali?"

"Wamekubali."

Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Na wanaomba nini?"

"Bos taurus."

"Iko nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole malishoni, pale alipokuwa ng'ombe wake wa maziwa, anayemkamua mwenyewe kila asubuhi. Vigelegele vikakatika.

"Ile?" akasema. "Ile inaitwa Madamu."