Radhi za Jikoni Sizitaki

Mdogo wangu alinisingizia kosa lake mbele za watu, akaongeza kwamba ndiyo hasara ya kufanya kazi na mtu asiyesoma. Nayaweka haya juu kabisa ili asije mtu akasema nina kinyongo cha bure. Kinyongo ninacho, na kina mwenyewe.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Kuna watu wanaotengeneza programu-jalizi, yaani vijiprogramu vinavyopachikwa kwenye programu ya muziki ili sauti ipate mwangwi, au kinanda kilie kama filimbi. Sisi tunazifungasha ziingie kwenye vikompyuta vidogo vyenye prosesa za ARM. Prosesa hizo ni za ukoo mmoja lakini hazili sahani moja. Za zamani ni za biti thelathini na mbili, za sasa ni za sitini na nne, na kifurushi cha huyu hakifunguki kwa yule.

Mezani kwangu vipo vitatu, vimelala bila kasha, nyaya nje. Nimevipa majina. Kikongwe ni wa zamani. Kijana ni wa sasa. Wa tatu ni Kinyonga: prosesa yake ni ya sasa, lakini mfumo endeshi uliopakiwa ndani ni wa zamani. Ukimwona usoni utamdhania Kijana, kumbe chakula chake ni cha Kikongwe. Wateja wenye Kinyonga ni wengi kuliko wanavyojijua.

Tulianza wawili, mimi na mdogo wangu, chumba cha mbele cha nyumba yake, na sheria tuliiweka pamoja. Kifurushi hakitoki mpaka nikisakinishe kwa wote watatu, nivae hedfoni, kisha niseme kwa sauti, "Nimekisikia." Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni, nikabaki nyumbani yeye aende shule. Hilo sikuwahi kumdai. Nilitaka neno langu liheshimiwe, basi.

Kifurushi cha kinanda kilichoagizwa na kwaya moja nilikisikia. Kikongwe alilia, Kijana alilia, Kinyonga alilia. Nikasema neno, nikaenda kuanika nguo. Nyuma yangu mdogo wangu akakifungua tena. Aliona ni usumbufu mteja kujichagulia ya zamani au ya sasa, akaandika kisakinishi, kile kinachoingiza programu, kiulize chenyewe: una prosesa gani? Alipaswa kukifanya kiulize: una mfumo gani? Kinyonga akiulizwa prosesa anajibu ya sasa, anaingiziwa ya sasa, na mfumo wake hauwezi kuifungua. Hakunirudishia nisikilize. Alikituma hivyo hivyo, na neno langu juu yake.

Kompyuta ya kwaya ilikuwa Kinyonga. Kesho yake baada ya tamasha lao, mwalimu wa kwaya alikuja na mpiga kinanda wake.

"Watu wamesimama kuimba, kinanda kimenuna!" alisema mwalimu. "Huyu mwenzangu alibonyeza mpaka nikadhani anakanda unga."

Mdogo wangu akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi. "Anayesikiliza ni dada yangu. Mnisamehe sana. Mtu hakusoma, unamfundisha leo, kesho kasahau."

Wifi, mke wake, alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akacheka kile kicheko cha puani.

"Rudia," nikamwambia mdogo wangu.

"Dada, tusigombane mbele ya wageni."

"Kunitukana mbele yao mbona umeweza?"

Walipoondoka alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Dada, kosa ni langu. Nilibadilisha kisakinishi. Yaishe."

"Fungua mlango uyaseme hayo."

"Wateja wakijua nilituma bila kusikilizwa, nani ataleta kazi tena?"

"Na wakijua mimi ni mjinga, nani ataamini masikio yangu?"

"Jamani, si nimeshaomba radhi?"

"Ukinitemea mate sebuleni, usinipanguse jikoni."

Walidhani nitafunga virago. Wifi alishaanza kumtaja binamu yake aliyesoma, kana kwamba kiti changu kimeota majani. Siondoki. Kila asubuhi nafika, nawasha wangu watatu, navaa hedfoni. Kile kifurushi amekitengeneza upya, na hata kwa Kinyonga kinalia safi. Mdogo wangu anachungulia. "Dada, umekisikia?" Neno lile silitoi. Angeweza kukituma bila mimi, ila anakumbuka cha mwisho alichotuma hivyo kilimfikisha wapi.

"Wifi, utanuna mpaka lini?" mkewe aliniuliza juzi.

"Mpaka mumeo apone ububu."

Mdogo wangu ana deni la sentensi moja: "Nilikibadilisha mimi, baada ya dada kukisikia." Aiseme chumba cha mbele, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wakiwa wamekaa vile vile, na wifi mlangoni na sinia yake. Akishasema lake, nami nitasema langu.