Mkanda wa Nazaeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa laini na rafu nzima ya santuri za kufuta vumbi. Nilikuwa nimetoka nyumbani Mwankoko kwa miguu, nikiamini nimeajiriwa kuwa karani wa mafaili katika kiwanda cha kukamua alizeti pale Singida mjini. Afisa Ustawi, bwana mrefu aliyevaa kaptula na soksi za kufika magotini hata kwenye baridi ya Julai, alinipeleka nyuma ya ukumbi wa wafanyakazi, akafungua chumba chenye dirisha dogo.

"Binti, ofisi yako ni hii," alisema. "Santuri usiiguse usoni. Ishike kwa ukingo, kama sahani iliyojaa mchuzi."

Vijana wakiniuliza leo nilikuwa nafanya kazi gani, nikawajibu kwamba nilikuwa mtunza ala na santuri wa kiwanda, wanatabasamu kwa adabu tu. Hawaamini kwamba kiwanda cha mafuta kiliweza kumwajiri mtu kwa kazi hiyo. Lakini zama zile kiwanda kikubwa kilikuwa na timu ya mpira na kilikuwa na bendi. Bendi yetu ilikuwa na watu kumi na mmoja, wote wafanyakazi: wapimaji wa mizani, madereva, mafundi. Walifanya mazoezi wakitoka zamu, na Jumamosi mchana walipiga dansi ukumbini.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ala zinaamka zikiwa nzima. Upepo wa Singida ni mkavu, unapasua mbao, kwa hiyo niliweka beseni la maji chumbani ili magitaa yasifumuke gundi. Sindano ya gramafoni niliichunguza kwa kioo cha kukuzia, maana sindano iliyochakaa haichezi santuri, inailima. Mikanda ya kurekodia, ile mipana inayozungushwa kwenye magurudumu mawili, niliisimamisha wima mbali na jua na mbali na spika, kwa sababu sumaku ya spika hula sauti taratibu bila mtu kujua.

Ndani ya chumba kile nilimfahamu Nazaeli. Alikuwa fundi wa mtambo wa mvuke, Mnyiramba wa Kinyangiri, mtu mkimya mwenye mikono iliyoungua hapa na pale. Kwenye bendi alipiga saksafoni. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyefunga mitambo alikuwa ameacha sanduku la santuri za jazi ya Wamarekani weusi, na hakuna aliyezijali isipokuwa sisi wawili. Saa ya chakula Nazaeli alikuja na kiporo chake cha ugali wa uwele, akakaa juu ya kasha la ngoma, nami nikaweka santuri.

Tulibishana sana. Mimi nilisema bendi zetu zinajiita jazi kwa kujidai tu, kwa sababu kilichomo sandukuni ni muziki mwingine kabisa, na sisi tunapiga rumba. Nazaeli alisema jina ni la anayelitumia. Watu wale waliuchukua uchungu wao wakaupa pumzi, na sisi tuna wa kwetu, basi tukiupa pumzi tumefanya kazi ileile. Nilimwona anajitetea. Ilinichukua miaka kukubali kwamba alisema kweli.

Na kwa kuwa nimezeeka, niseme maoni yangu bila kuogopa. Muziki wa zamani ulikuwa bora kwa sababu wapigaji walisubiriana. Gitaa la kwanza liliuliza, la pili likajibu, saksafoni ikanyamaza mpaka ikaitwa. Nyimbo zinazopigwa sasa hivi madukani zimejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna pengo la kupitisha hata kikohozi. Mjukuu wangu anasema sisi wazee tunapenda tu ujana wetu. Labda. Lakini nimesikiliza santuri zilizotengenezwa kabla sijazaliwa, na pengo lile limo.

Mwaka wangu wa sita kazini, Afisa Ustawi aliomba mashine ya kurekodia, na ikaja. Jumamosi moja mchana tulifunga milango ya ukumbi, tukatundika mablanketi madirishani kuzuia mwangwi, bendi ikapiga nyimbo sita. Mkanda ulipobakiwa na nafasi kidogo, Afisa Ustawi akauliza nani ana kitu kifupi. Nazaeli akainua mkono. Alilowesha mdomoni kile kijiti chembamba kinachotoa sauti ya saksafoni, akapiga peke yake. Ulikuwa wimbo ambao mama yake aliwabembelezea wadogo zake kwa Kinyiramba, ila yeye aliupunguza mwendo na kuuvunja katikati, akakaa kimya hata mimi nikadhani amesahau, kisha akaurudia kutokea chini. Mpiga tumba alikuwa anafuta macho. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliogopa mashine isije ikarekodi.

Hatukutengeneza nakala. Mashine ilikuwa moja, na kunakili kunataka mbili.

Baada ya hapo nilihamishiwa ghala la Manyoni, karibu na reli, kwa miaka mitatu. Mkuu wa ghala alinipa kazi ya kuhesabu magunia. Nikiwa huko kifua kilimshika Nazaeli, akapewa likizo, akarudi Kinyangiri kwa mke wake na binti yao mdogo, na hakupona. Barua ya Afisa Ustawi ilinifikia alipokwisha kuzikwa. Niliporudishwa Singida bendi ilikuwa imekufa pia. Ngoma zilikuwa zimewambwa vumbi, na Afisa Ustawi amestaafishwa. Mkubwa wangu sasa alikuwa Meneja Utumishi, mtu wa haraka aliyezungumza akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Asubuhi moja alikuja akiwa na wasiwasi. Mgeni mkubwa wa serikali alitarajiwa siku hiyohiyo, na hotuba yake ilitakiwa irekodiwe. Nikamwambia mikanda mipya imekwisha na mjini haipatikani. Akaniuliza kuna mingapi ya zamani. Nilisema mitatu. Mmoja ulikuwa wa Meneja Mkuu akifungua jengo jipya. Wa pili ulikuwa wa kwaya ya wafanyakazi, na kiongozi wa kwaya alikuwa mke wa Meneja Mkuu. Wa tatu nilisitasita kuutaja, kisha nikasema ni wa bendi.

"Huo wa bendi," akasema. "Bendi yenyewe si ilishakufa?"

"Ndiyo, mzee," nilisema.

Ningeweza kusema mkanda umekatika. Ningeweza kuuficha ndani ya kasha la ngoma, asingejua. Nilikuwa na watoto wawili, nilikuwa nimetoka kuhesabu magunia, na niliogopa kurudishwa huko. Hizo ndizo sababu zangu zote, na sijawahi kupata nyingine bora.

Ndani ya mashine ile mna kichwa cha kufutia na kichwa cha kurekodia, na cha kufutia kimetangulia, hivyo sauti ya zamani huondoka kabla mpya haijakaa. Nilijua kwamba Nazaeli yuko mwishoni kabisa mwa mkanda. Nilijipa moyo kwamba hotuba haiwezi kufika kwake. Na kweli mgeni alizungumza robo saa tu, akashuka jukwaani. Wakati huohuo Meneja Utumishi akaniashiria kwa kidole niende kusaidia kugawa soda meza ya wakubwa. Nikaenda mbio. Sikuzima mashine.

Niliporudi, gurudumu lilikuwa linazunguka tupu na ncha ya mkanda inapigapiga. Nilirudisha nyuma, nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza. Hotuba, kisha makofi, kisha viti vinaburutwa, vizibo vya chupa, mtu anacheka mbali. Iliendelea hivyo mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyemfuta Nazaeli, na nilimfuta kwa sauti ya viti.

Sikumwambia mtu. Kila mpigaji wa zamani aliyeniuliza nilimjibu kwamba joto liliuharibu mkanda, nao waliamini, kwa kuwa walilijua bati lile la ukumbi. Kiwanda kikafungwa, santuri zikachukuliwa na waliowahi, nami nikarudi Mwankoko kulima alizeti kidogo na kufuga kuku. Nimestaafu na cheti chenye sifa ya uangalifu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja mama mmoja wa makamo akiwa na mfuko wa viazi vitamu. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Alisema yeye ni Eliwaza, binti wa Nazaeli, muuguzi huko Kinyangiri. Mama yake ni mzee sasa na haoni tena. Amekuwa akizungumzia saksafoni ya marehemu kila siku, na mpiga tumba, ambaye hakuwahi kuniuliza, amewaambia kuna mkanda ulibaki kwa mama mmoja wa Mwankoko.

Nilikuwa na jibu langu la joto, limelainika kwa kutumiwa. Nilifungua mdomo nikalisema hadi nusu, nikashindwa. Nikamweleza yote, toka mikanda mitatu hadi soda. Sikuona hasira usoni mwake. Nadhani ningependelea hasira.

"Unaukumbuka ulivyokwenda?" aliuliza.

Nikamwambia naukumbuka. Akatoa simu, akaiweka juu ya stuli. Nikaimba kwa sauti hii ya kizee, bila maneno. Mwanzo ulikuja wenyewe. Nilipofika mahali alipouvunja, nilikaa kimya kama yeye, lakini nilipotaka kurudi sikuipata njia. Zilinijia nyimbo kumi za sanduku la mhandisi, zote kwa pamoja. Niliunganisha nilivyoweza, nikamaliza. Eliwaza alinishukuru, akaondoka na usafiri wa jioni.

Baada ya siku tatu alinipigia. Alisema mama yake aliusikiliza mara mbili, simu ikiwa sikioni.

"Akasemaje?" niliuliza.

"Alisema mwanzo ni wa baba. Huko mbele, anasema, huyo mtu hamjui. Akaniomba niukate pale panapokuwa kimya. Anasikiliza hicho kipande tu."

Nilimwambia amfikishie salamu zangu, nikakata simu, nikatoka kwenda kuwafungia kuku.