Kigelegele Mlangoni kwa Mama Changawa

Kafedha, mwenyekiti wa kina mama wa Utange, alikwisha kumzoea yule mtafiti kijana kutoka bara. Kijana huyo huvua viatu hata pasipo mkeka, huomba ungo achambue mchele na wenyeji, na haulizi habari za maradhi ya akili kabla hajauliza usingizi. Sauti yake huwa chini, kama achelea kumwamsha mtoto. Kila wakizunguka huishia kwa Mama Changawa, ambaye tangu amzike mwanawe hafungui wala hajibu. Mtafiti huketi kizingitini na ungo wake, kisha akauaga mlango. "Matajiri wa Nyali wana daktari wa haya mambo," husema. "Utange wana sisi wawili."

Leo ujumbe ulimkuta papo hapo kizingitini. Akausoma, akainuka ghafla, mchele ukamwagika. "Mama Kafedha, tumepewa ufadhili. Utafiti ni wetu, mimi na nyinyi." Halafu yule wa sauti ya chini akapiga kigelegele, kibovu ajabu, kikamkatikia kooni kama jogoo anayejifunza kuwika. Kafedha akacheka hata akashika ukuta. Kigelegele hakiachwi peke yake, ila kabla hajakipokea, kikapokewa nyuma ya mlango uliofungwa: kirefu, safi, kisichokatika.